Damu ya Mwanza Haigandi

Mkuyuni, Mwanza
14 Machi 1993

Kwako Dada Gladness, msomi wa ukoo,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa bata wa mama, ambaye tangu asubuhi ananitazama kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Boksi lako limefika. Josephat, yule mhudumu wa treni, amenikabidhi mkononi pale stesheni akasema, "Hili limetoka chuo kikuu, usije ukalikalia." Nikamwambia mimi silikalii, nalifanyia kazi. Tangu siku hiyo hapa Mkuyuni ukiuliza Luhende hakuna anayemfahamu. Uliza Mtafiti, utaletwa mpaka mlangoni.

Mama anauliza: shule yote ile uliyosoma mpaka ukafika Dar, halafu unachokitaka ni damu ya kenge? Anasema kama alikuwa anazaa mganga angeambiwa mapema ajiandae. Nimemweleza kama ulivyonieleza: kwamba mnyama akikatwa damu yake huganda, kwamba kinachoigandisha ni protini fulani, na wewe unataka kulinganisha protini hiyo kwa ng'ombe, mbuzi, bata, kenge, sangara na kamongo, uone nani ni ndugu wa nani. Na kamongo ndiye mwenye mada, maana ni samaki anayevuta hewa kama mimi na wewe, na Profesa wako hajawahi kuona aliyempima. Nikamweleza pia kwamba usipofika kwenye kamati mwisho wa Novemba na kazi mkononi, mada inafungwa, shahada ya pili kwaheri, unarudi kufundisha kidato cha kwanza. Hapo mama akageuka akamtazama bata. Kisha akasema, "Basi mchukue huyo bata."

Karatasi yako ya maelekezo nimeisoma mbele na nyuma. Lala usingizi. Huu ni mwaka wangu wa pili nabeba nyama machinjioni na Ndalahwa, damu naijua kuliko ninyi mnaoiona kwenye picha. Barafu wananipa vijana wa kiwanda cha minofu. Na vichupa vyako, nikwambie tu, sasa hivi viko safi kuliko vilivyotoka kwako.

Kamongo bado. Wengine watapanda treni Jumatatu.

Mtiifu wako (ukinisifia),
Luhende Kashindye, Mtafiti


Dar es Salaam
1 Aprili 1993

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba. Vichupa vimefika na hakuna hata kimoja ninachoweza kukitumia. Damu yote imeganda. Nilipofungua cha ng'ombe nilidhani umenitumia kipande cha ini.

Sielewi. Yale majimaji niliyotia ndani ya kila kichupa ni dawa ya kuzuia damu isigande njiani. Ikichanganyika vizuri, damu inafika ikiwa bado majimaji, halafu mimi hapa maabara ndiye ninayeigandisha, kwa wakati wangu, huku nimeshika saa. Ikifika imeshaganda, nimekuta harusi imekwisha na viti vimebebwa.

Ulichelewa kuitia damu? Ulisahau kukigeuzageuza kichupa polepole? Yote nimeyaandika kwenye karatasi.

Umebaki na vichupa vya kutosha. Naomba urudie, na ukitafute kile cha kamongo mapema. Profesa Kahigwa anauliza kila siku, na kila siku ninamjibu "Mwanza ni mbali." Jibu hilo linaanza kuchakaa.

Dada yako,
Gladness


Mkuyuni, Mwanza
13 Aprili 1993

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimekaa.

Kosa ni la treni. Siku mbili kwenye joto la Tabora na Dodoma hata mtu anaganda. Dawa, ndiyo, dawa. Naijua hiyo dawa. Unanionaje? Vichupa nilivyobaki navyo viko kama vile vya kwanza, nimevitunza sawasawa.

Lakini safari hii sikuiachia dawa peke yake. Nimetumia ujuzi wangu, na hii damu haigandi hata ukiipigia magoti. Usiniulize nimefanyaje, kila fundi ana pazia lake. Ninyi mna karatasi, sisi tuna mikono.

Kenge amenipa kazi, usimwone kwenye kitabu. Nilimkuta juu ya jabali anaota jua, nikamwambia Ndalahwa, "Wewe shika kichwa, mimi nashughulika na mkia, mimi ndiye mtaalamu." Ndalahwa akasema, "Mtaalamu hushika kichwa." Tulipobishana vya kutosha kenge akanichapa mkia usoni, nina alama mpaka leo, wasichana wa sokoni wanauliza nimepigwa na nani, nasema na sayansi. Lakini damu tumepata.

Kamongo bado. Wako kwenye matope kando ya ziwa, na magugumaji yamefunika kila mahali. Nitampata.

Mtafiti


Dar es Salaam
28 Aprili 1993

Luhende mwanaume!

Imefika, na ni majimaji! Yote! Nimekiinamisha kichupa kimoja kimoja na damu imeteleza kama maji. Nimerukaruka maabara mpaka fundi wetu akatoka kuja kunitazama.

Kesho naanza vipimo. Jumatano ijayo nitaeleza mbele ya idara nzima. Nimewaambia nina mkusanyaji hodari huko kanda ya ziwa. Sikusema ni mdogo wangu, wasije wakadhani ni upendeleo.

Asante, mtafiti mwenzangu. Mpe mama pole ya bata.

Gladness


Dar es Salaam
20 Juni 1993

Luhende,

Samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa natafuta kosa na sikutaka kukuandikia kabla sijalipata. Sijalipata.

Damu yako haigandi. Simaanishi kwamba haikuganda njiani. Haigandi kabisa. Naichukua, natia kichocheo chenye uwezo wa kugandisha damu ndani ya nusu dakika, nashika saa. Dakika moja. Dakika kumi. Naenda kula, narudi, bado maji. Nikitia kichocheo hichohicho kwenye damu ya ng'ombe wa hapa Dar, inashikana kabla sijakaa. Ng'ombe wa Mwanza, hapana. Mbuzi, hapana. Bata, kenge, sangara, wote hapana.

Nilidhani kichocheo kimeharibika, nikaazima kingine kwa mwenzangu. Nilidhani ni maji ya maabara, nikayabadilisha. Nilidhani ni joto, ni saa, ni mimi. Mei yote imekwenda hivyo, na Juni inaifuata.

Mbele ya idara nzima Profesa aliinua kichupa chako kwenye taa akaniuliza, kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza: "Binti Kashindye, una hakika hiki si juisi ya rosela?" Walicheka. Baadaye aliniita ofisini akafunga mlango. Anafikiri nimepika. Anafikiri hakuna Mwanza, hakuna kenge, hakuna mtu wa kukusanya. Eti nimekaa hosteli nikachanganya rangi.

Niambie ulichofanya. Mwanzo mpaka mwisho, usiruke kitu. Sitaki utani.

Gladness


Mkuyuni, Mwanza
2 Julai 1993

Dada Gladness,

Shikamoo, na umpe na Profesa wako shikamoo yake, kisha umwambie rosela tunakunywa Idi kwa jirani, hatuitii kwenye vichupa.

Kwanza nilikasirika. Halafu nikacheka. Mlilia damu imeganda; sasa imeletwa isiyoganda mnalia haigandi. Ninyi wasomi mnataka nini? Mkipewa mvua mnataka mwavuli, mkipewa mwavuli mnauliza mvua iko wapi.

Lakini kwa kuwa wamekutuhumu, pazia nalifungua. Waite wote wakae, uwasomee.

Damu ikitoka tu shingoni naikinga kwenye sufuria. Hapo hapo, kabla haijawaza, naikoroga kwa kijiti kilichomenywa ganda. Haraka haraka, bila kupumzika, kama bibi alivyokuwa akifanya alipotaka damu ya kupika. Unamkumbuka? Alikuwa akisema damu ni kama mtoto mkorofi, ukiiacha peke yake inaharibika. Unakoroga mpaka uone vile vinyuzi vyeupe vinanata kwenye kijiti, vingi, kama uzi uliofumuka. Huo ndio uchafu wenyewe. Unavitoa, unamtupia mbwa wa Ndalahwa, amenenepa huyo. Inayobaki ni damu safi, nyororo, haigandi leo wala mwakani. Ndiyo hiyo ninayokuletea. Damu iliyochujwa kwa mkono wa Luhende!

Mwambie Profesa Kahigwa kama kwao Bukoba hawajui hilo, aje nimfundishe, simtozi.

Mtafiti (na sasa Mwalimu)


Dar es Salaam
11 Julai 1993

Luhende,

Vile vinyuzi vyeupe.

Vile vinyuzi vyeupe ndivyo. Ndiyo hiyo protini. Ndiyo inayogandisha damu, ikiwa imeshamaliza kazi yake na kujishika kwenye kijiti chako. Nimeandika tasnifu juu ya kitu kimoja tu duniani, na wewe umekitoa kwa kijiti, ukanitumia kilichobaki kwa treni, na hicho kimoja ukampa mbwa.

Mbwa wa Ndalahwa amekula kazi yangu ya nusu mwaka. Ng'ombe, mbuzi, bata, kenge na sangara. Na amenenepa, unasema.

Na dawa? Dawa ilikuwa ndani ya kila kichupa! Kwa nini mtu akoroge damu ambayo ina dawa? Isipokuwa kama uliimwaga. Uliimwaga, Luhende? "Viko safi kuliko vilivyotoka kwako." Sasa ndiyo naisoma vizuri sentensi ile.

Mistari saba. Karatasi ilikuwa na mistari saba. Mtoto wa darasa la tano angeifuata. Lakini wewe mistari saba ni mingi, sivyo? Ndiyo maana hata shule ilikushinda kidato cha pili. Ulikuwa unajua kuliko walimu, na sasa unajua kuliko mimi.

Gladness


Dar es Salaam
8 Agosti 1993

Luhende,

Bado hujanijibu.

Nilikwenda machinjio ya hapa na kijiti. Nikakoroga kama ulivyoeleza, nikaleta damu iliyokorogwa na ile isiyokorogwa, yenye dawa, mbele ya Profesa, nikatia kichocheo zote mbili akitazama. Moja ikaganda, nyingine ikabaki maji. Akasema, "Basi wewe si mwongo." Nikashukuru. Akaendelea, "Lakini huna kitu." Hilo nalo ni kweli.

Nina Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba. Vichupa vipya vipo tayari. Niambie tu kama nivitume.

Gladness


Dar es Salaam
30 Agosti 1993

Luhende,

Josephat ananiambia alikuona stesheni ukapita kama humjui. Kama umenikasirikia mimi, Josephat amefanya nini?

Nivitume au nisivitume?

G.


Mkuyuni, Mwanza
12 Septemba 1993

Dada Gladness,

Shikamoo.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi yako ya maelekezo. Nimeitunza, haina hata doa. Nakuomba uisome, halafu umsomee mama kwa sauti uone kama atakuelewa.

Ni Kiingereza, dada. Mistari yote saba.

Nilitambua neno damu, na chupa, na lile la baridi kwa sababu limeandikwa kwenye malori ya samaki. Mengine yalikuwa marefu kama treni ya mizigo. Unajua kwa nini niliishia kidato cha pili, ulikuwepo: mwalimu anaingia anasema, anatoka, na sisi tunatazamana. Sasa ningempelekea nani karatasi anisomee? Mtaa mzima wananiita Mtafiti. Ningesimama kwa nani niseme Mtafiti anaomba kusomewa?

Nikaona vichupa vina maji kidogo chini. Nikasema dada yangu kaviosha kwa haraka, hakuvikausha. Nikavimwaga, nikavisugua kwa sabuni, nikavianika juani juu ya bati, vikang'aa. Nilifurahi sana siku ile. Barua yako ya dawa ilipokuja vyote vilikuwa vimeshamwagwa, hata vile vya akiba. Ningefanya nini? Nikamkumbuka bibi.

Nimekaa nikazipanga barua zako zote. Salamu umeandika Kiswahili. Sifa Kiswahili. Kunitukana umenitukana kwa Kiswahili kizuri kabisa, sikuhitaji mkalimani. Kazi tu ndiyo uliyoniandikia Kiingereza.

Ukitaka vitume. Ukitaka usivitume. Mimi narudi kubeba nyama.

Luhende


Dar es Salaam
24 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Nimeisoma karatasi ile. Niliipiga kwenye mashine ya idara, nikatoa nakala moja ya Profesa na moja yako, na haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba ninyi ni watu wawili tofauti.

Nimekaa ili nikuandikie upya, na neno la kwanza tu likanishinda. Miaka yote nimesoma somo hili na sijawahi kumweleza mtu yeyote kwa lugha hii tunayoitumia kugombana. Nimechana karatasi nyingi. Vumilia, hii ndiyo iliyobaki.

Hiyo protini inaelea ndani ya damu ya kila mnyama kama wavu uliokunjwa ndani ya mtumbwi. Ukiwa umekunjwa huuoni na haumzuii mtu. Mnyama akikatwa, kitu fulani kinaamka kwenye damu kinaukunjua, nao unatanda, unanasa damu, kidonda kinaziba. Mimi nataka kujua wavu wa kenge na wa bata umefumwa sawa au la, na kichocheo cha ng'ombe kinaweza kuukunjua wavu wa samaki au hakiwezi, na kwa muda gani. Kwa hiyo nauhitaji ungali umekunjwa. Ukiukoroga unatanda wote kwenye kijiti.

Maji yaliyo ndani ya kichupa usiyamwage hata kama yananuka. Damu isiguse sufuria wala kitu kingine: ivute kwa bomba la sindano moja kwa moja mshipani, uitie kichupani hadi kwenye mstari, ufunge, ukilaze kichupa na kukiinua taratibu kama unambembeleza mtoto, halafu barafu. Basi.

Kwa samaki kuna jambo zaidi. Damu yao huganda upesi mno, hata ndani ya sindano. Kwao vuta dawa kwanza ndani ya bomba, kisha ndiyo uchome. Kwenye boksi kuna mabomba ya sindano, na chupa ya kifuniko chekundu ni dawa ya kazi hiyo.

Nililosema juu ya shule, nilikosea. Vichupa vinakuja na Josephat. Msalimie safari hii.

Gladness


Mkuyuni, Mwanza
16 Oktoba 1993

Dada,

Shikamoo. Damu tano zimo kwenye boksi. Ng'ombe, mbuzi, bata (mwingine, usimtaje mbele ya mama), kenge na sangara. Sijakoroga, sijamwaga, sijaongeza ujuzi. Ndalahwa ananicheka, "Leo fundi unafuata karatasi?" Nikamwambia, ikiandikwa kikwetu nafuata.

Kamongo ndiye aliyenishinda, na nimechoka naye. Nilikwenda upande wa Kiseke kwa mvuvi mmoja anaitwa Nkwabi, anawatega kwenye matope. Wa kwanza alikuwa amekufa tangu jana. Nikachoma, kilichotoka ni cha kupaka ukutani. Wa pili alikuwa hai, nikamshika, akaniuma. Hujawahi kuniambia wana meno! Kidole kimevimba, na damu iliyotoka kwa wingi siku ile ilikuwa yangu, ukitaka niilete. Wa tatu nilimchoma chini ya shavu, damu ikaja kidogo, ikaganda ndani ya sindano nikitazama, na dawa nilikuwa nimetangulia kuitia kama ulivyosema. Nkwabi alikaa pembeni anakula muhogo. Akasema, "Kwani lazima awe kamongo? Kambale si yupo?"

Nikasema lazima awe kamongo. Nilisema kwa hasira, lakini nilisema.

Luhende


Dar es Salaam
5 Novemba 1993

Luhende,

Zimeganda! Zote tano, na kila mmoja kwa tabia yake. Mbuzi kamfuata ng'ombe karibu sawasawa. Bata amechelewa. Kenge kachelewa zaidi ya bata. Sangara, kichocheo cha ng'ombe kilimsumbua mpaka nikaogopa, lakini mwishoni akashika. Ni mstari mzuri, Luhende, ni kama kutazama picha ya ukoo.

Katikati ya sangara na kenge kuna nafasi tupu. Ni ya kamongo. Bila yeye nina picha ya ukoo ambayo mwenye harusi hayumo.

Usimchome chini ya shavu, hapo ni kubahatisha tu. Mlaze chali, ingia katikati nyuma ya tundu la haja, kuelekea kwenye mkia, mpaka uguse mfupa laini, kisha rudi nyuma kidogo. Hapo kuna mshipa mkubwa. Vuta bila papara.

Kamati inakaa tarehe ishirini na tisa. Tafadhali.

Gladness


SIMU YA MAANDISHI
MWANZA 23 NOVEMBA 1993
KAMONGO WAWILI WAMEKUFA MVUA KUBWA MATOPE YAMEFURIKA NKWABI HATOKI NAENDELEA LUHENDE


Dar es Salaam
1 Desemba 1993

Luhende,

Kamati imerudisha tasnifu. Hawakuwa wakali. Mmoja aliniuliza tu, "Jina la kamongo liko kwenye kichwa cha habari. Ndani yuko wapi?" Nikasema nilikuwa nikimsubiri. Wakatazama saa.

Profesa amesema mada itafungwa chuo kikifungwa kwa likizo. Nimeanza kupanga vitabu. Ile shule niliyokuwa nikifundisha bado wana nafasi. Nitakuja nyumbani kabla ya Krismasi, usimwambie mama, nitamwambia mwenyewe.

Mwache Nkwabi apumzike, na wewe upumzike.

Gladness


Mkuyuni, Mwanza
5 Desemba 1993

Dada Gladness,

Shikamoo. Sijui kamati imesemaje, barua yako haijafika. Najua Novemba imekwisha, kalenda tunazo hata huku, tunapewa na wenye maduka.

Kichupa kimo ndani. Ni kimoja. Ni kamongo.

Mvua ilipopungua juzi nilikwenda peke yangu kumgongea Nkwabi. Akasema, "Wewe dada yako si muda wake umeshapita?" Nikasema ndiyo. Akanitazama, akachukua mtego. Tumempata mmoja mrefu kama mkono wangu. Tulimfunika kichwa kwa gunia bichi akatulia. Tukamlaza chali. Nikavuta dawa kwanza. Nikaingia pale ulipopasema, nikagusa mfupa, nikarudi nyuma. Nikangoja. Nkwabi akaacha kutafuna. Damu ikaja, dada, nyeusi nyeusi, polepole, ikajaa mpaka kwenye mstari, na haikuganda. Nikaibembeleza.

Kama haina kazi tena, imwage wewe mwenyewe. Mimi siwezi.

Luhende


Dar es Salaam
13 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Boksi lako limenikuta na mizigo mlangoni. Maabara ilikuwa imeshafungwa, nikamwomba fundi ufunguo. Akauliza ni kipimo cha nani, nikasema si cha mtu.

Nikatia kichocheo, nikashika saa. Ikapita pale alipogandia kenge. Nikasema imekwisha, imekuwa kama zile za kijiti. Nikaendelea kushika saa, kwa ubishi tu. Kabla haijafika pale alipogandia sangara nikainamisha bomba, na haikuteleza. Imeganda, Luhende. Imeganda katikati, palepale palipokuwa tupu.

Nilikwenda na lile bomba mpaka nyumbani kwa Profesa. Alikuwa uani anamwagilia migomba yake. Nikampa bila kusalimia. Akaliinua juani, akalilaza, akaligeuza kichwa chini. Akasema, "Kamongo?" Nikasema kamongo. Akasimama pale mpaka maji ya mpira yakajaa viatuni mwake. Kisha akaanza kufoka: eti mmoja si kitu, mmoja anaweza kuwa mgonjwa, mmoja anaweza kuwa bahati, na nani kanifundisha kuleta kichupa kimoja mbele ya watu wazima. Nikaelewa kwamba hafungi mada.

Nina mpaka mwisho wa Machi. Anataka kamongo watatu wengine, kila mmoja kutoka mahali tofauti. Sitakuja Krismasi. Mwambie mama kwamba ni kwa jambo la heri.

Watatu, Luhende.

Gladness


Mkuyuni, Mwanza
27 Desemba 1993

Dada,

Shikamoo. WATATU? Na mahali tofauti? Mwambie Profesa Kahigwa kamongo si mandazi, huagizi sahani. Nina kidole kimoja hakikunjiki, nina gamboti moja imebaki kwenye matope ya Kiseke, Krismasi nimeila nanuka kama mtumbwi, na Nkwabi sasa ameanza kuniamrisha, "Bembeleza vizuri, Mtafiti, unaitikisa kama soda." Mtu aliyeniona juzi!

Wa kwanza yumo ndani ya boksi. Wa pili Nkwabi anasema tukamtafute upande wa Butimba, kesho kutwa. Wa tatu ndiye anayetugombanisha. Mimi nataka tumfuate kule kwa babu, Kwimba, ambako bwawa likikauka kamongo anajichimbia ardhini, anajifunga kwenye udongo kama kitumbua, anakaa humo kiangazi chote bila maji wala chakula, mvua ikirudi anatoka anatembea zake. Mvua huko bado haijayajaza mabwawa, tukiwahi tutamkuta amelala. Nkwabi anasema huyo ni mzigo wa bure, damu yake humo ndani itakuwa imeshaganda yote. Mimi nikamwambia haiwezekani, ikiganda yote angekufa. Akasema, "Basi inakuwaje?"

Inakuwaje, dada? Miezi yote hiyo amelala, hakimbii, moyo unapiga kidogo kidogo, na ule wavu umo ndani: nani anauzuia usikunjuke? Nimekaa nawaza mpaka mama kaniuliza kama naumwa. Nijibu upesi, kabla hatujaenda Kwimba. Nkwabi nimeshamwambia kwamba jibu ninalo.

Luhende